Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu cha ng'ombe: kwa mabanda ya Unguja na Pemba, chukueni cha sindano mbili

Mfugaji wa Unguja au Pemba anayemwita daktari wa mifugo aje kumpimia ng'ombe wake kifua kikuu anaweza kuletewa huduma mbili tofauti zenye jina moja. Katika ya kwanza, ng'ombe hupigwa sindano moja ya tuberkulini, yaani dawa ya kupimia, shingoni au kwenye mkunjo wa ngozi chini ya mkia, na siku ya tatu mtaalamu hurudi kuangalia kama pamevimba. Katika ya pili, nywele za shingo hukatwa sehemu mbili, unene wa ngozi hupimwa kwa kalipa, hupigwa sindano mbili za tuberkulini mbili tofauti, na siku ya tatu ngozi hupimwa tena. Zote mbili zinakubalika kimataifa. Kwa mazingira ya visiwani, hata hivyo, ya kwanza haitufai, na anayeilipia anaweza kumpeleka machinjioni ng'ombe mzima wa maziwa kwa sababu tu ya tope la bondeni na kuku wanaolala juu ya hori.

Tathmini hii inahusu huduma ya pili: inavyotakiwa kufanywa, inavyosomwa, inapokosea, na kwa nini jibu lake haliwezi kutenganishwa na maji, udongo na wanyama wa porini wanaolizunguka banda.

Ugonjwa wenyewe unaletwa na bakteria aitwaye Mycobacterium bovis. Anakua polepole mno. Ng'ombe anaweza kukaa naye miezi au miaka akila vizuri, akitoa maziwa, akizaa, huku akimwaga vimelea kwa pumzi yake na wakati mwingine kwa maziwa. Kukonda, kikohozi kikavu cha alfajiri na kuhema kwa shida huja mwisho kabisa. Anayengoja dalili ndipo apime atakuwa ameshachelewa, maana ndama na jirani wa horini watakuwa wameshavuta pumzi hiyo muda mrefu. Hapo ndipo kipimo cha ngozi kinapostahili pesa yake: humwona mgonjwa ambaye macho hayamwoni.

Tuberkulini ilitengenezwa na Robert Koch mwaka 1890, naye akiamini kwamba amepata dawa ya kifua kikuu. Haikuponya. Lakini ilionekana kwamba mwili uliokwisha kukutana na vimelea hawa huishtukia dawa hiyo kwa nguvu, na mwili usiowajua hukaa kimya. Ya leo ni protini iliyosafishwa kutoka kwa bakteria waliooteshwa na kuuliwa kwa moto. Ya ng'ombe hutokana na mbegu ya M. bovis iitwayo AN5, na ya ndege hutokana na Mycobacterium avium, jamaa yake anayeishi kwa ndege na kwenye udongo. Ndani yake hamna kimelea hai, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza ng'ombe, na maziwa ya siku hiyo hayahitaji kumwagwa kwa sababu ya sindano.

Kazi inavyotakiwa kufanywa

Ng'ombe afungwe kichwa kifupi kwenye mnazi au nguzo ya banda, mtu mmoja akishika pua, shingo ikiwa imenyooka. Akiweza kurusha kichwa, sindano itaingia chini ya ngozi badala ya ndani yake, na kipimo chote kimeharibika hapo hapo. Daktari akate nywele kwa mkasi au mashine sehemu mbili katikati ya shingo upande mmoja, moja juu ya nyingine, zikiwa zimeachana sentimita 12 hadi 15. Ndama ambaye shingo yake haitoshi hupigwa moja kila upande. Kabla ya kupiga, apapase ngozi ya hapo: kama kuna kidonda, kovu, uvimbe wa kupe au alama ya kamba, ahame. Kwa ng'ombe wetu wanaofungwa kamba kutwa hili ni muhimu, kwani kamba ya shingo huacha ngozi nene isiyopimika vizuri.

Kisha aishike ngozi ikunjike, aipime kwa kalipa, aandike. Si akariri, aandike. Halafu 0.1 ml ya tuberkulini ya ndege ipigwe sehemu ya juu, na 0.1 ml ya tuberkulini ya ng'ombe sehemu ya chini. Mpangilio huu, juu ndege na chini ng'ombe, ndio uliozoeleka, na sababu ya kuushika siku zote ni kwamba siku ya tatu mtu akichanganya juu na chini, jibu linageuka kichwa chini: mgonjwa anakuwa mzima na mzima anakuwa mgonjwa. Kwa sababu hiyo hiyo mabomba ya sindano yawe mawili, kila moja na alama yake, na lililowahi kutia tuberkulini ya ng'ombe lisitiwe ya ndege hata likioshwa. Bomba linalotumika sana kwa kazi hii ni la McLintock, ambalo hutoa 0.1 ml kila linapobanwa; bomba la kawaida la mililita 2 au 5 halipimi kiasi kidogo hivyo kwa uhakika.

Mfugaji anaweza kukagua sindano mwenyewe pale pale bila elimu yoyote ya udaktari. Sindano fupi huingizwa kwa mshazari ndani ya ngozi, na ikitoka, ukipitisha kidole utahisi kijiuvimbe kigumu kama punje ya mbaazi. Kikiwepo, dawa imekaa ndani ya ngozi. Kisipokuwepo, dawa imepita chini au imemwagika kwenye nywele, na daktari mwaminifu atarudia mahali pengine palipo mbali kidogo na hapo. Mwambieni mpapase pamoja. Hakuna mtaalamu anayeijua kazi yake atakayechukia.

Kusoma ni saa 72 baadaye, na nafasi ya kuwahi au kuchelewa ni saa chache tu, si zaidi ya sita. Aliyepigwa Jumatatu saa nne asubuhi asomwe Alhamisi saa nne asubuhi. Msipange sindano Jumanne mchana, kwa kuwa saa ya kusoma itaangukia Ijumaa wakati wa sala, na hapo ndipo watu husema "tutaangalia Jumamosi". Jumamosi uvimbe umeshaanza kushuka. Asome yule yule aliyepiga, kwa kalipa ile ile, kwa sababu kila mkono una namna yake ya kubana ngozi, na hapa tunatafuta tofauti ya milimita moja moja. Kusoma kwa jicho au kwa kupapasa peke yake hakukubaliki. Tukiletewa matokeo yasiyo na namba nne kwa kila ng'ombe, yaani juu kabla na baada, chini kabla na baada, tunayahesabu kama hayakufanyika.

Namba na maana yake

Hesabu ni nyepesi. Toa unene wa kwanza kwenye unene wa pili kwa kila sehemu, halafu toa ongezeko la ndege kwenye ongezeko la ng'ombe. Kwa kanuni iliyozoeleka Ulaya, uvimbe wa ng'ombe ukizidi wa ndege kwa zaidi ya milimita 4, huyo ana maambukizi. Ukizidi kwa milimita 1 hadi 4, jibu halijakamilika, atengwe na apimwe tena. Ukiwa sawa au chini, amepita.

Chukua ng'ombe ambaye ngozi ya juu imetoka milimita 7 ikafika 13, na ya chini imetoka 7 ikafika 12. Ndege +6, ng'ombe +5. Huyu amepita. Lakini angepimwa kwa sindano moja tu ya tuberkulini ya ng'ombe, ongezeko la 5 lingemhukumu, kwani kwenye kipimo hicho milimita 4 zinatosha kumwita mgonjwa. Mwingine: juu +2, chini +9, tofauti 7. Huyo hana mjadala. Wa tatu: juu +3, chini +6, tofauti 3. Huyo anarudiwa, na marudio hayafanywi kabla ya siku 42, kwa sababu baada ya tuberkulini mwili huchoka kwa muda na hauitikii inavyopasa. Anayerudia baada ya wiki mbili ili kumpendeza mwenye ng'ombe atapata namba ndogo, na namba hiyo haina thamani.

Ng'ombe wa kienyeji, wale wadogo wenye nundu wanaofungwa kwenye vigingi viwanjani na kwenye minazi, huvimba kidogo kuliko machotara wa Friesian, Ayrshire na Jersey. Watafiti wa Ethiopia waliowapima ng'ombe wenye nundu waliona kwamba kikomo cha milimita 4 huwaacha wagonjwa wengi, na wakapendekeza 2. Hata Uingereza hushusha kikomo hadi 2 kwenye kundi ambalo ugonjwa umeshathibitishwa. Kwa hiyo mwulizeni daktari mapema atatumia kikomo kipi kwa ng'ombe wa aina gani, na kiandikwe kwenye karatasi ya matokeo.

Kwa nini sindano ya ndege ina maana zaidi hapa kwetu

Mikobakteria si mmoja. Kuna wengi wanaoishi huru, bila kuhitaji mnyama: kwenye maji yaliyotuama, tope, udongo mbichi, majani yanayooza. Aghalabu hawamletei ng'ombe ugonjwa, lakini mwili wake huwajua, na protini zao zinafanana na za M. bovis kiasi cha kuifanya ngozi ivimbe. Sasa tazameni maisha ya ng'ombe wa visiwani. Masika yakinyesha Machi hadi Mei mabonde ya mpunga kama Cheju na Kibokwa hujaa maji. Mavuno yakiisha ng'ombe hufungwa kwenye mabua, wakinywa kwenye mitaro na vidimbwi. Pemba, ambako mabonde yanapishana na vilima karibu kila mahali, majani yanayokatwa kupelekwa bandani hutoka mabondeni humo humo. Ng'ombe huyu ana mikobakteria wa mazingira mwilini tangu undama wake.

Ongezeni kuku. Kuku wa kienyeji hulala juu ya boriti za banda na hori liko chini yao. Kuku mwenye kifua kikuu cha ndege hutoa vimelea kwa wingi kwenye mavi, na mavi yanaanguka kwenye pumba. Kunguru nao hushuka kunywa kwenye ndoo na kuchakura jaa la samadi. Ndiyo maana kwenye mabanda ya namna hii sindano ya juu huvimba, wakati mwingine sana. Hiyo ni habari yenye faida hata kama ng'ombe amepita. Ongezeko la ndege la milimita 6 na kuendelea kwa ng'ombe kadhaa wa banda moja linasema: chakula au maji ya hapa yanaingiliwa na ndege au tope. Funikeni hori kwa wavu, hamisheni kuku usiku, nyanyueni ndoo juu ya jukwaa la nusu mita. Mara ya pili sindano ya juu itavimba kidogo, na hapo jibu la sindano ya chini litasomeka kwa uwazi zaidi. Huduma ya sindano moja haiwezi kuwaambia lolote katika haya.

Kuhusu M. bovis mwenyewe nje ya mwili, jua ndilo adui wake. Kwenye mavi au makohozi yaliyoanikwa juani na kukauka hufa upesi. Kwenye kivuli chenye unyevu anaweza kudumu wiki na hata miezi. Banda la makuti lililofungwa pande zote, lenye sakafu ya udongo inayoshika mkojo, ni makazi mazuri kwake, na hewa iliyosimama humo ndiyo njia kuu ya kuambukizana. Sakafu ya saruji yenye mteremko, ukuta unaoishia kiunoni, upande mmoja ukipokea jua la asubuhi: hivi hupunguza hatari kuliko dawa yoyote ya kunyunyiza. Kuna jambo moja la kushukuru. Mfumo wetu wa kumfunga kila ng'ombe kwa kamba yake, mbali na mwenzake, kwenye hewa wazi, ni kinga kubwa. Hatari hupanda tunapowaingiza machotara bandani pua kwa pua kwa ajili ya maziwa, na huko Ethiopia imeonekana wazi kwamba ng'ombe wa kizungu huathirika zaidi kuliko wenye nundu.

Wanyama wa porini: nani wa kuogopwa

Swali hili huulizwa kila kipimo kinapotoka vibaya, na jibu linatofautiana nchi na nchi. Uingereza na Ayalandi, ugonjwa hukaa kwa mnyama wa mashimoni wa jamii ya nyegere, ambaye hula minyoo kwenye malisho ya ng'ombe na huingia maghala ya chakula usiku. Jaribio kubwa la kuwaua lililoanza huko mwaka 1998 lilionyesha jambo la kutisha: ndani ya eneo lililosafishwa maambukizi ya ng'ombe yalipungua, lakini pembezoni mwake yaliongezeka, kwa kuwa waliosalia walitawanyika na kuchanganyika. New Zealand tatizo ni posamu, mnyama wa mitini aliyeletwa kutoka Australia. Michigan, Marekani, ni kulungu wenye mkia mweupe, na kilichowakusanya na kuwaambukiza ni marundo ya chakula waliyowekewa na wawindaji. Afrika Kusini, M. bovis aligunduliwa kwa nyati wa hifadhi ya Kruger mwaka 1990. Inaaminika alitoka kwa ng'ombe wa ng'ambo ya mto, na kutoka kwa nyati akafika kwa simba.

Visiwa vyetu havina nyati wala makundi ya wanyama pori wanaokula majani. Kima punju wa Jozani anakaa juu ya miti na paa nunga hujificha kwenye msitu wa maweni. Hawa hawali horini. Anayestahili kufikiriwa ni nguruwe mwitu, ambaye yuko Unguja na Pemba, hufukua mashamba usiku, hulala kwenye tope, na hula mizoga. Je, yeye ni chanzo au mhanga? Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu uko kaskazini mwa Australia. Miaka ya 1970 karibu nusu ya nguruwe pori waliochunguzwa huko walikuwa na vidonda vya aina hii. Nyati wa kufugwa waliotoroka na ng'ombe wenye ugonjwa wakaondolewa, nguruwe wakaachwa, na miaka ya 1990 vimelea kwa nguruwe vilikuwa nadra sana. Nguruwe walikuwa wakiambukizwa kwa kula mizoga. Chanzo kilipokatika, nao wakapona kama jamii. Mwaka 1997 Australia ikatangazwa kuwa huru na ugonjwa huu. Uhispania nguruwe pori wameweza kuushikilia wenyewe, lakini huko wamejazana, wanalishwa na wenye mashamba ya uwindaji na hunywa kwenye madimbwi machache.

Kwa hiyo wito wetu si kwenda kuwamaliza nguruwe. Ni kuwanyima njia. Ng'ombe akifa, azikwe kina cha zaidi ya mita moja na afukiwe mawe juu, hata akifia porini. Kondo la nyuma na mimba iliyoharibika visitupwe vichakani. Wasasi wakiua nguruwe, mzoga usiachwe karibu na malisho na mbwa wasipewe matumbo. Majani ya kukata yasitoke pale nguruwe walipofukua na kunya usiku. Na ghala la pumba na mashudu lifungwe kwa mlango unaogusa sakafu, ili ngawa, panya na paka wasilale humo.

Panya wanahusika zaidi na ugonjwa mwingine wa bakteria, leptospira, ambao hupita kwenye mkojo wao hadi kwenye maji na mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, kisha kumfanya ng'ombe aharibu mimba au kukatikiwa maziwa ghafla. Kipimo cha ngozi hakisemi lolote kuhusu leptospira wala brusela, bakteria mwingine wa kuharibu mimba. Maadamu ng'ombe amefungwa na daktari yupo, mwambieni achukue damu siku ile ile ya sindano kwa ajili ya hao wawili. Safari ni moja.

Njia halisi ya kifua kikuu kuingia kisiwani ni ng'ombe mwenzake: mnyama aliyeshushwa kwenye jahazi kutoka Bara, mtamba aliyenunuliwa kijiji cha pili bila karatasi, dume la kuazima linalopita nyumba kwa nyumba. Unguja iliwahi kumfuta mbung'o kabisa, wa mwisho akinaswa mwaka 1996, kwa sababu bahari ilizuia wengine wasirudi. Kwa kifua kikuu bahari hiyo haizuii kitu ikiwa mlango ni gati.

Huduma hii inapokosea

Takwimu zinazotumika Uingereza ni kwamba kati ya ng'ombe 100 wenye maambukizi, kipimo cha sindano mbili hukamata kama 80, na kati ya ng'ombe 5,000 wazima humsingizia mmoja. Maana yake kwa mfugaji wa ng'ombe watatu: jibu baya liaminiwe, jibu zuri lisichukuliwe kama hati ya maisha. Mtamba mgeni akae peke yake, apimwe, asubiri zaidi ya siku 42, apimwe tena, ndipo aingie.

Wagonjwa wanaoponyoka ni wa aina zinazojulikana. Aliyeambukizwa wiki chache zilizopita bado mwili wake haujajifunza. Inaweza kuchukua wiki tatu hadi sita. Aliyefikia mwisho wa ugonjwa mwili umeshakata tamaa na ngozi yake haivimbi. Aliyezaa ndani ya mwezi mmoja na nusu, aliyekonda kwa njaa ya kiangazi, aliyechomwa deksamethasoni, dawa inayopunguza kinga ya mwili, hivi karibuni. Na kuna minyoo bapa ya ini, ambayo huenezwa na konokono wa maji matamu wa mabonde hayo hayo ya mpunga: utafiti wa Uingereza na Wales uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba minyoo hiyo hupunguza uwezo wa kipimo cha ngozi kumwona mgonjwa. Kwa ng'ombe wa bondeni, dawa ya minyoo ya ini ni sehemu ya maandalizi ya afya ya kundi, na daktari aambiwe kama ini za ng'ombe wa eneo hilo hutupwa machinjioni.

Kosa jingine ni la baridi. Tuberkulini hukaa nyuzi joto 2 hadi 8, gizani, bila kuganda. Chupa inayovuka kwenda Pemba iwe kwenye kisanduku cha barafu, ikitenganishwa na barafu kwa kitambaa au karatasi nene. Iliyoganda na iliyokaa kwenye dashibodi zote ni za kutupa. Ikishatobolewa itumike siku ile ile. Ombeni kuona chupa zote mbili na tarehe zake kabla ya sindano ya kwanza. Jambo hili si la aibu.

Hapa pia ndipo gharama inapoeleweka. Chupa ndogo ya mililita 2 ina dozi 20 kwa hesabu ya karatasi, na zinahitajika mbili, moja ya kila aina. Kumwita mtaalamu kwa ng'ombe mmoja ni kutupa sehemu kubwa ya dawa na kulipia safari mbili peke yako. Wafugaji wa shehia moja wakipimisha pamoja, kila mmoja hulipa kidogo, na jibu lina uzito zaidi, kwa kuwa ng'ombe wanaoshiriki dume, mtaro na kiwanja wamepimwa siku moja. Ndama wa chini ya wiki sita wasihesabiwe.

Vipimo vingine vipo. Kipimo cha damu cha gama-interferoni hukamata maambukizi mapema zaidi, lakini damu lazima ifike maabara ikiwa hai, ndani ya saa chache hadi siku moja, na maabara yenyewe iwe na vifaa vya kuiotesha. Kwa Micheweni au Makunduchi hilo ni gumu. Vipimo vya haraka vya kingamwili, vinavyotoa mstari kama vya malaria, huwaona zaidi wale waliokwisha kuugua sana, kwa hiyo visinunuliwe kuchukua nafasi ya sindano.

Akitoka na ugonjwa

Mtenge siku ile ile, ndoo na kamba zake zisishirikiane, na taarifa iende kwa ofisa mifugo wa wilaya. Asiuzwe kimya kimya kijiji kingine. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyotembea. Akichinjwa, iwe machinjio yenye mkaguzi, na mwenye ng'ombe aombe tezi za koo, za mapafu na za kifua zipasuliwe mbele yake: kidonda cha kifua kikuu ni uvimbe wa manjano wenye usaha mzito kama jibini, na kisu kikipita husikika kikikwaruza chembe za chokaa. Kutoonekana kidonda hakumaanishi kipimo kilidanganya, maana maambukizi mapya huwa madogo mno kwa jicho.

Maziwa yake yasiuzwe wala asipewe ndama mabichi. Na kwa nyumba yoyote inayosubiri majibu, maziwa yachemshwe mpaka yafure, kwa ajili ya watoto hasa, kwani M. bovis kwa mtoto huingia tumboni na kuvimbisha tezi za shingo bila kikohozi chochote. Mtindi wa maziwa mabichi haumuui. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe. Mkamuaji mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili naye aende kituo cha afya akapimwe makohozi, kwa sababu kifua kikuu cha binadamu pia kinaweza kumfikia ng'ombe na kuvimbisha ngozi yake kwenye kipimo. Karatasi yenye namba nne za kila ng'ombe, aina ya tuberkulini, namba ya toleo lake na saa ya sindano ibaki kwa mfugaji, si kwa daktari peke yake, maana daktari wa kipimo kijacho hawezi kuhesabu siku 42 bila kuiona.